Mwiko wa Salima

Wamucii wa Endarasha hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na usimwonee, angalau si mapema hivi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwenye mikono iliyozoea jembe na ulimi uliozoea kutiiwa. Mume wake alimfia miaka ya Emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau. Watoto wake sita aliwalea peke yake katika vile vijiji vya kufungiwa, akachimba mitaro ya wazungu mchana na kuwapikia wanawe jioni, na hakuna hata mmoja aliyezikwa kabla yake. Hilo alipenda kulitaja. Ukibishana naye juu ya jambo lolote linalohusu watoto, atakukata kauli: "Mimi niko na sita, na wote wanatembea."

Uhuru ulipofika, mwanawe Theuri akapata kipande cha shamba Endarasha, mahali ambapo zamani kondoo wa mzungu ndio waliokuwa na nafasi. Theuri alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano huko Timau, akirudi nyumbani mara chache, na kwa mshahara wake alijenga nyumba ya mbao yenye paa la mabati. Endarasha ni baridi, jamani. Julai ikiingia, hata jogoo anachelewa kuwika. Kwa hiyo Theuri na mke wake Kagure waliziba kila ufa: gunia hapa, magazeti yaliyobandikwa kwa uji pale, mpaka upepo ukakosa pa kupenya. Kila aliyepita aliisifu nyumba hiyo. Wamucii alitazama akacheka. Yeye alikuwa amejengewa ya udongo na nyasi upande wa pili wa ua, kwa kupenda kwake.

"Nyumba isiyotoa moshi ni sanduku," alisema.

Alisema kwa mzaha. Laiti angalijisikiliza.

Sasa, kwa Wagikuyu jambo la jina halina mjadala. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Anapewa jina la nyanya huyo na anakuwa yeye. Baba yake mwenyewe humwita "Maitu," yaani mama yangu, hata akiwa bado hajaota jino. Mwanamke asiye na mjukuu wa jina lake ni kama amepita tu duniani kwenda sokoni. Kwa hiyo Kagure alipojifungua msichana, hakuna aliyeuliza ataitwa nani. Wamucii alimpokea, akamweka shavuni, akacheka kicheko ambacho majirani hawakujua anacho.

"Nimezaliwa tena," alisema, "na safari hii nimezaliwa na Uhuru."

Kwao Wamucii, katika nyumba aliyozaliwa, kulikuwa na desturi moja zaidi. Mwenye jina ndiye aliyempa somo wake, yaani mtoto wa jina lake, moto. Jioni nyanya alichagua makaa mazuri jikoni kwake, mekundu, yasiyo na moshi hata chembe, akayapeleka mwenyewe mahali mtoto anapolala. Ilikuwa heshima yake na hakuna aliyeruhusiwa kumwondolea. Wamucii alikuwa amepashwa moto hivyo na nyanya yake, katika nyumba ya nyasi, na akaishi kuona Uhuru. Basi naye akajaza makaa kwenye karai, akavuka ua, akaliweka kando ya kitanda cha Kagure, na akitoka akasukuma gunia chini ya mlango ili joto lisitoroke.

Mtoto huyo alikufa Julai. Kagure aliamka asubuhi na kichwa kizito, akanyoosha mkono ampe titi, na mtoto alikuwa ameshaondoka.

Watoto hufa. Wamucii alilia, akafuta machozi, akasubiri. Wa pili alipozaliwa naye aliitwa Wamucii, maana jina lilikuwa halijapata mtu wa kulibeba. Karai likavuka ua tena. Mtoto akafa tena, msimu ule ule wa baridi. Alipozaliwa wa tatu, Wamucii alizidisha makaa. Alikuwa na hofu sasa, na hofu yake alijua kuigeuza kazi tu. Kagure alijaribu kusema kitu wakati huo. Alikuwa msichana mpole wa Mweiga, asiyeinua sauti mbele ya mama mkwe.

"Mama, mimi asubuhi kichwa inaniuma sana. Na tumbo inachafuka. Labda hii karai ikae nje kidogo."

"Nje?" Wamucii alimtazama mpaka akainamisha macho. "Unataka somo wangu agande? Mimi niko na sita, na wote wanatembea. Wewe uko na wangapi?"

Lilikuwa neno baya, na Wamucii alijua ni baya lilipokuwa bado mdomoni. Hakulirudisha. Wiki hiyo hiyo wakachimba kaburi la tatu nyuma ya migomba, dogo kama yale mengine.

Hapo ndipo watu walipoanza. Unajua watu. Wamucii akifika kwenye bomba la maji, maongezi yanakatika, na kila mwanamke anaanza kutazama mtungi wake kama hajawahi kuuona. Warigia, jirani wa ng'ambo ya ua, alimfunika mtoto wake kichwa alipokutana naye njiani. Haikuhitaji kusemwa, lakini ilisemwa: yule mzee anakula wajukuu wake, anakunywa siku zao aongeze zake. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wamucii alisikia, akanyoosha shingo, akapita. Akifika nyumbani alikaa jikoni na kujiuliza kama ni kweli. Jina lake lina nini? Maana yake ni wa nyumbani tu. Mbona watoto wanaolibeba hawakai nyumbani?

Kagure alipopata mimba ya nne, alianza kwenda Nyeri, ati kuuza viazi. Alirudi kila mara bila viazi, ndiyo, lakini pia alirudi amebadilika. Alikuwa mkimya kuliko kawaida. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja siku mtoto alipozaliwa, msichana tena. Wamucii alikuwa tayari amejaza karai. Alilibeba mpaka mlangoni, na mlangoni alimkuta Theuri, mwanawe mwenyewe, amesimama katikati.

"Mama, huyu ataitwa Salima."

Wamucii hakuelewa. "Salima ni nyanya wa nani?"

"Ni mkunga wa Majengo, kule Nyeri. Mama wa Kiislamu. Ndiye amekuwa akimwangalia Kagure."

"Na ni wa mbari gani?"

Theuri alitazama miguu yake. Kutoka kitandani ndani, Kagure alijibu, na sauti haikutetemeka: "Ni jina la Kiarabu, Mama. Maana yake ni aliyesalimika. Mtu salama, asiyeguswa na baya."

Asiyeguswa na baya. Basi baya ni yeye. Hivyo ndivyo Wamucii alivyolisikia, na nani angelisikia vingine?

"Mimi maana ya jina langu ni wa nyumbani," alisema. "Kwa hivyo huyu si wa nyumbani. Sawa."

Akageuka na karai lake. Makaa yalikuwa mazuri sana siku hiyo. Aliyamwaga jikoni kwake, na tangu jioni ile hakuvuka ua tena na moto. Mwenye jina na ampashe, alisema moyoni, atoke Majengo na miguu yake.

Mtoto alipona. Julai ikaja ikapita, na Salima akakaa, akatambaa, akaiba viazi sufuriani. Julai nyingine, na nyingine. Basi jina likashika njia. Warigia alikuwa wa kwanza kuliiga: binti yake akaitwa Salima, au Tharima kama wazee wanavyotamka, maana ndimi zao hazijazoea sauti hiyo. Kisha mwingine karibu na josho la ng'ombe. Kisha wawili upande wa Mweiga. Padri akashangaa kubatiza akina Agnes Salima na Lucia Salima, mabinti wa wakulima ambao hawajawahi kuona msikiti, akauliza kama kuna mtakatifu wa jina hilo, akajibiwa na wamama kwa uso mkavu kwamba yuko. Na kila nyumba iliyochukua jina hilo, Kagure aliitembelea. Alikaa na mama mzazi faraghani, akasema maneno yake, akaondoka. Wamucii aliona akipita na kikapu chake, akafikiri anakwenda kupokea shukrani kama chifu. Hakuna aliyemweleza lolote. Mbele yake jina hilo halikutajwa, kwa aibu au kwa woga, na yeye mwenyewe hakulitamka hata mara moja. Mtoto mwenyewe, Wamucii alimwita "wewe" tu.

Hakuna msichana yeyote aliyepewa jina la Wamucii tena. Hata binti zake walioolewa huko Wang'uru, zamu yake kama nyanya wa upande wa mama ilipofika, walipata visingizio. Akaanza kuzeeka vibaya. Alijiona akifutika, na jambo moja tu ndilo alilotaka kabla ya kufa: msichana mmoja, hata mmoja, aitwe Wamucii na aishi.

Lakini mtoto ni mtoto. Huwezi kumnunia mtu ambaye hajui amekukosea nini. Salima alipofika umri wa kukimbia uani, alivuka mwenyewe. Alikuja kukaa jikoni kwa nyanya yake bila kualikwa, akamenya maharagwe, akauliza maswali. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu, na mwendo wa kutupa bega la kushoto mbele. Wamucii alimtazama akivuka ua siku moja na moyo ukamshtuka. Alikuwa anajitazama mwenyewe. Jina wamelikataa, damu imekataa kukatazwa. Alianza kumwekea kiazi kitamu majivuni, na siku Salima asipokuja, alichungulia mlangoni mara nyingi.

Sasa Kagure akawa mjamzito tena, na mimba ikawa ngumu. Ilikuwa Julai. Theuri alirudi kutoka Timau akampeleka hospitali Nyeri kwa lori la maziwa, na kwa haraka ile, katikati ya maumivu, hakukuwa na wa kuachiwa mtoto ila mmoja. Kagure alisita mlangoni mwa lori. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo kwa mama mkwe, lakini Theuri alikuwa anamsukuma apande, na dereva alikuwa ameshawasha. Alisema tu, "Mama, msikilize mtoto. Akikuambia kitu, msikilize." Lori likaondoka.

Wamucii alihamia nyumba ya mbao ili alinde ng'ombe na kuku. Ukungu ulishuka mapema siku hiyo ukafunika ua wote. Alimwona Salima akijipuliza vidole, na mapenzi yote aliyoyabana miaka ile yakamjia kwa pamoja, mpaka akaona aibu. Mtoto huyu ni wangu, alijiambia. Hajapewa jina langu, lakini nani atanizuia kumpa moto wangu? Akavuka ua kwenda jikoni kwake. Akachagua makaa, mekundu, yasiyo na moshi hata chembe. Akajaza karai lile lile la zamani. Alikuwa anaimba kidogo akirudi.

Aliliweka kando ya kitanda. Akafunga dirisha. Akasukuma gunia chini ya mlango, na kidole cha mguu wake kikakumbuka mahali pake.

Salima alikuwa ameketi kitandani, blanketi mabegani, akilitazama karai.

"Cucu," alisema, maana ndivyo walivyomwita nyanya, "mimi sikubaliwi kulala na moto."

"Nani amekuambia?"

"Mama. Ni mwiko ya jina yangu. Akina Salima wote hatulali na makaa ndani ya nyumba ya mbao. Hata Salima wa kwa Warigia. Na dirisha lazima ikae wazi kidogo." Alisema kwa haraka kama anayesoma katekisimu. "Ati makaa hata bila moshi inaiba pumzi ya mtoto akiwa amelala. Mtu mkubwa inamuumiza kichwa tu. Mtoto haamki."

Wamucii alisimama pale pale. Mimi kichwa inaniuma sana asubuhi. Labda hii karai ikae nje kidogo. Sauti ilikuwa ya Kagure, mpole, macho chini. Na ile iliyomjibu alikuwa anaijua pia.

Aliwahesabu, ingawa hawakuwa wengi wa kuhesabiwa. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, aliyemwongezea makaa. Kisha akamfikiria huyu wa nne, aliyeishi, na alijua kwa nini ameishi. Kwa sababu yeye alikuwa amemchukia. Kwa sababu hakumvukia ua.

Alilichukua karai, na vishikio vilikuwa vya moto, na hakutafuta kitambaa. Alilitoa nje mpaka katikati ya ua akalimwagia maji ya kunyweshea ng'ombe. Akarudi akafungua dirisha, akavua shuka zake mbili akamfunika mtoto, akakaa mlangoni. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wamucii alikuwa na majuto matatu nyuma ya migomba.

Kagure alirudi na msichana mzima, Theuri akiwa ameshapitiliza kurudi kazini Timau. Alishuka kwenye lori, akaona karai limelala chali uani, makaa meusi yakiwa yamesambaa, kisha akaona mikono ya mama mkwe imefungwa vitambaa. Salima alikuja mbio akamkumbatia miguu. Kagure aliketi kwenye gogo.

"Ulijua," alisema Wamucii.

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya Salima. Yule mkunga aliniuliza nyumba ni ya nini. Nikamwambia ya mbao, tumeziba vizuri. Akaniuliza moto huletwa na nani. Nikamwambia." Kagure alimhamisha mtoto mkono mwingine. "Akaniambia, jina likiwa lake utamkataza vipi moto wake? Basi usimpe jina. Chukua langu, na uliwekee mwiko."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?" Sasa sauti ilipanda, mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. "Nikuambie wewe ndiye uliwaua? Hao watatu uliokuwa unawaimbia? Ungekaa vipi hapa? Theuri angekutazama vipi?" Alifuta uso kwa kanga. "Na usifikiri nilinyamaza kwa upendo peke yake. Nilikuchukia pia. Uliniuliza niko na wangapi. Nilitaka uone jina lako likikauka. Yote mawili yalikuwa ndani yangu, na sijui gani ilikuwa kubwa."

Wamucii aliitikia kwa kichwa. Hayo aliyaelewa. Hasira ya namna hiyo aliijua vizuri.

Kagure akasimama na kumnyooshea mtoto. "Huyu mpokee. Huyu ni Wamucii. Sasa unaweza kuwa na jina, kwa sababu sasa unajua."

Hilo ndilo jambo moja alilokuwa ameomba miaka yote. Mikono ilikataa kutoka chini ya shuka. Kagure alingoja, akachoka kungoja, akamwekea mtoto mapajani.

"Salima," aliita Wamucii, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kupita mdomoni mwake, "njoo unishikie kichwa ya somo wangu. Mimi mikono yangu siiamini."

Kwa hiyo jina lilipata mtu. Wamucii mdogo alikua upesi, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka josho la ng'ombe. Nyanya yake alimbeba mchana tu, nje, mahali pa jua, watu wote wakiona. Siku ikianza kuzama alimrudisha mwenyewe kwa mama yake, akachungulia dirisha kama liko wazi, akaenda. Watu wa Endarasha walisema mzee amelainika, ati jina la Kiarabu limemtoa shetani. Kagure hakuwaambia kitu, na Theuri, ambaye hakuwahi kuelezwa, alifurahi kuwa na "Maitu" wawili.

Julai iliyofuata ilikuwa mbaya. Barafu ilikaa juu ya majani ya kabichi mpaka saa nne. Asubuhi moja Wamucii hakutoka, na Kagure alipofungua mlango wa nyumba ya nyasi alimkuta ameketi ukutani, ngumu, shuka zimekunjwa vizuri magotini. Mafiga yalikuwa meupe kwa ubaridi na majivu ya siku nyingi. Kuni zilikuwa zimepangwa kando ya mlango, kavu, nyingi, alizopasua mwenyewe. Hakuna hata moja iliyoguswa.

Wanawake waliokuja kuomboleza hawakuelewa. Warigia alizishika zile kuni, akamgeukia Salima, ambaye alikuwa amekaa kimya karibu na mafiga.

"Cucu yako alikuwa anasikia baridi. Mbona hakuwasha moto?"

"Alikataa," alisema Salima. "Aliniambia hata jina yake iko na mwiko."